Ndege Zilizoanguka Kuzunguka Saint-Omer, 1940–1944: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wanaotafuta rubani mmoja, ndege moja, au wanaotaka kuelewa kwa nini vitabu viwili vinatoa hesabu mbili za siku ileile. Kama una haraka, anza na jibu la asilimia na jibu la saa. Wengi hupotea njia hapo.

Saint-Omer ni uwanja upi hasa?

Saint-Omer ni mji wa Pas-de-Calais, kaskazini mwa Ufaransa, takriban kilomita 40 kusini-mashariki mwa Calais. Uwanja wake wa zamani uko Longuenesse, juu ya uwanda ulio kusini-magharibi mwa mji. Waingereza waliweka makao makuu ya kikosi chao cha anga hapo Oktoba 1914. Katika Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani waliutumia huo, na zaidi ya huo walikuwa na Arques (unaoitwa pia Fort Rouge), Clairmarais na Wizernes, vyote jirani kabisa na mji.

Matokeo yake ni kwamba hati ya Kijerumani ikisema "St. Omer-Arques" inataja uwanja mmoja, lakini hati ya Kiingereza ikisema "St Omer" inaweza kuwa inataja uwanja, mji, au eneo zima ambalo msafara wa ndege ulipita ukigeuka kurudi nyumbani. Usichomeke pini kwenye ramani kwa neno hilo peke yake. Halafu kuna Saint-Omer nyingine huko Calvados, Normandy, na kuna Arques-la-Bataille karibu na Dieppe. Tumeshaona orodha zilizohamisha ndege kilomita zaidi ya mia kwa sababu ya jina tu.

Kwa nini ndege nyingi hivi zilianguka eneo dogo hivi?

Sababu ya kwanza ni mafuta. Spitfire Mk V, ndege ya kivita ya Uingereza, ilibeba galoni 85 ndani ya mwili wake, sawa na lita 386: galoni 48 tangi la juu, 37 la chini. Kwa kiasi hicho rubani aliyeruka kutoka kusini mwa Uingereza aliweza kupigana dakika chache tu juu ya Saint-Omer au Lille, kisha lazima ageuke. Kwa hiyo mapigano ya mwaka 1941 yalibanwa kwenye ukanda mmoja, na Saint-Omer ilikuwa katikati yake.

Sababu ya pili ni mkakati. Tarehe 10 Januari 1941 Waingereza walianza operesheni walizoziita Circus: ndege chache za mabomu aina ya Blenheim kama chambo, zikizungukwa na makundi ya Spitfire na Hurricane, ili Wajerumani watoke wapigane. Baada ya Ujerumani kuivamia Urusi tarehe 22 Juni 1941, ulinzi wa mchana wa ukanda huu uliachiwa kwa sehemu kubwa vikosi viwili tu, JG 2 na JG 26. Walikuwa wachache, lakini walipigana juu ya ardhi waliyoishikilia. Rubani wao akiruka kwa mwavuli alikuwa kikosini kabla ya jua kuzama. Wa Kiingereza alikuwa mfungwa.

Ya tatu ilikuja baadaye: maeneo ya makombora ya V ya Kijerumani, Éperlecques karibu na Watten na kuba la Wizernes. Tarehe 27 Agosti 1943 ndege za Marekani aina ya B-17 zipatazo 185 zilipiga Éperlecques, na 4 hazikurudi. Kuanzia hapo mizinga ya kutungulia ndege iliongezwa sana, na ukanda uliokuwa wa ndege dhidi ya ndege ukawa wa ndege dhidi ya mizinga.

Jumla ni ndege ngapi?

Swali hili halina jibu mpaka useme unahesabu nini. Umbali gani kutoka uwanjani? Ndege za pande zote? Ajali za kutua zimo? Iliyopigwa juu ya Saint-Omer ikazama baharini mbele ya Dover inahesabiwa wapi? Weka mipaka kwanza, ndipo uhesabu. Sisi hutumia duara la kilomita 20 kutoka Longuenesse na tunahesabu mahali ndege ilipogonga ardhi. Mahali ilipopigwa hatupahesabu.

Na usihesabu kwa madai ya marubani. Katika mwaka 1941 Waingereza walidai kutungua ndege za kivita za Kijerumani zaidi ya 700 upande huu wa magharibi. Zilizopotea kweli katika mapigano zilikuwa kama 100. Hawakuwa wakisema uongo. Mtu anayepiga kwa sekunde mbili akiwa kasi ya kilomita 500 kwa saa, akaona moshi mweusi, ataandika "imetunguliwa". Moshi ule mara nyingi ulikuwa rubani wa Messerschmitt amesukuma kishikio cha mafuta hadi mwisho na kupiga mbizi. Marubani watatu wakiipiga ndege ileile bila kuonana, madai huwa matatu. Wajerumani nao walizidisha, ila kidogo zaidi: mabaki yaliangukia kwao, na mtu aliweza kwenda kuyatazama.

Orodha ya Kijerumani inasema "35%" au "70%". Ni asilimia ya nini?

Ni kiasi cha uharibifu. Rubani hahesabiwi humo. Chini ya 10 ni kasoro ya kutengenezwa na fundi wa zamu. Kati ya 10 na 24, karakana ya kikosi. Kati ya 25 na 39, matengenezo makubwa. Kati ya 40 na 44, kubadilisha sehemu nzima kama bawa au injini. 45 hadi 59, kubadilisha sehemu kubwa kadhaa. Mpaka wa kukumbuka ni 60: kuanzia hapo ndege imefutwa. Kati ya 60 na 80 hukatwa vipuri. 81 hadi 99 imeharibika kabisa lakini mabaki yako mikononi mwao. 100 imepotea moja kwa moja, mara nyingi baharini au upande wa adui.

Kosa la kawaida ni kuhesabu kila mstari wa orodha kuwa ndege iliyopotea. Kosa la upande wa pili ni kuacha mstari wa 30% ambao rubani wake alikufa. Ndege ilitengenezwa, mtu akazikwa.

Waingereza walitumia herufi: A ilitengenezwa hapohapo kikosini, AC mafundi wa nje waliitwa, B ilipelekwa kiwandani, E imekwisha. Hati za 1940 zina 1, 2 na 3, ambapo 3 ni imekwisha. Ukiona "FTR", maana yake haikurudi, basi. Haisemi ilianguka wapi wala nani aliitungua.

Hati mbili zinapishana saa moja kamili. Ni tukio moja au mawili?

Huenda ni moja. Ujerumani, pamoja na Ufaransa iliyokaliwa, ilibaki kwenye saa za kiangazi mfululizo kuanzia Aprili 1940 hadi mwanzoni mwa Novemba 1942, yaani saa mbili mbele ya Greenwich, masika na kipupwe. Uingereza ilikuwa saa moja mbele wakati wa baridi na, kuanzia 1941, saa mbili mbele wakati wa kiangazi. Mwaka 1941 kipindi cha saa mbili kilianza 4 Mei na kuisha 10 Agosti.

Tazama inavyouma. Douglas Bader, rubani wa Uingereza mwenye miguu ya bandia, alitunguliwa tarehe 9 Agosti 1941: saa za pande zote mbili zinalingana. Siku kumi baadaye, 19 Agosti, mguu wake wa bandia uliangushwa kwa mwavuli karibu na Longuenesse: Wajerumani wako saa moja mbele ya Waingereza. Ukitumia kanuni moja kwa tarehe zote mbili, mojawapo itakukosesha. Isitoshe, baadhi ya hati za Kiingereza ziliandikwa kwa saa za Greenwich, kwa hiyo soma ukurasa mzima kwanza ulinganishe na muda wa jua kuchomoza.

Na kwa anayetafsiri: hati ikisema 11.00, kwetu ni saa tano asubuhi. Andika tarakimu zilivyo kwenye hati, tafsiri baadaye. Tusiongeze tofauti ya saa sita juu ya ile ya saa moja.

Nini hasa kiliziangusha?

Watu hupenda jibu liwe rubani fulani shujaa wa upande wa pili. Mara nyingi lilikuwa tundu dogo.

Chukua injini ya Merlin ya Spitfire. Inapoozwa kwa maji yaliyochanganywa na glaikoli yanayopita kwenye rejeta chini ya bawa la kulia. Risasi moja ya bunduki ya kawaida ikitoboa rejeta au bomba, mvuke mweupe unatoka nyuma, kipimo cha joto kinapanda, halafu kinashuka ghafla kwa sababu hakuna tena kimiminika cha kupima. Rubani asiyejua anafikiri mambo yametulia. Dakika chache baadaye injini inanoki, kama wasemavyo mafundi wa gereji. Kutoka Saint-Omer hadi pwani ni kama kilomita 30; hesabu mwenyewe. Ndiyo maana ripoti nyingi zinasema ndege "ilionekana ikitoa moshi mweupe ikielekea pwani", kisha kimya.

Mizinga midogo ya 20 mm na 37 mm ilikula ndege zilizoruka chini. Operesheni za Rhubarb, ndege mbili zikipita chini ya mawingu kutafuta chochote cha kupiga, zilikuwa na hasara isiyolingana na faida. Robert Stanford Tuck, mmoja wa marubani mahiri kabisa wa Uingereza, alipotea hivyo tarehe 28 Januari 1942 karibu na Hesdin: mizinga ilipiga injini, akatua kwa tumbo shambani, akakamatwa. Kwenye mwinuko wa mita 30 huna muda wa kuruka kwa mwavuli, wala urefu wa kutafuta uwanda mzuri.

Mara nyingine ndege ilijiua. Wilhelm Balthasar, kamanda wa JG 2, alikufa tarehe 3 Julai 1941 karibu na Aire-sur-la-Lys, kusini-mashariki mwa Saint-Omer, akiwa kwenye Messerschmitt Bf 109 F-4 mpya. Bawa lilivunjika wakati wa mzunguko mkali. Aina ya F ilikuwa imeanza na matatizo ya mkia pia. Za mwanzo ziliongezewa vipande vya chuma nje, pale mkia unapoungana na mwili. FW 190, ndege nyingine ya kivita ya Kijerumani iliyoingia mapiganoni upande huu mwaka huohuo, ilikuwa na injini ya BMW 801 iliyochemka kupita kiasi hata bila kupigwa.

Ajali za kawaida nazo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Magurudumu ya Bf 109 yamekaribiana. Upepo wa ubavuni ukija wakati wa kutua, ndege inajizungusha yenyewe na kuvunja mguu. Hizo ndizo zinazojaza mistari ya 15% na 40%. Hazina hadithi, kwa hiyo watu huziruka.

Je, kuna waliotunguliwa wakarudi kazini?

Wajerumani, ndiyo, na hili linavuruga hesabu. Tarehe 21 Juni 1941 Adolf Galland, kamanda wa JG 26, alitungua Blenheim mbili karibu na Saint-Omer, akapigwa na walinzi wake, akatua kwa tumbo Calais-Marck. Mchana huohuo akaruka tena peke yake, akatungua Spitfire moja, akapigwa tena, na safari hii akaruka kwa mwavuli akiwa amejeruhiwa. Mtu mmoja, siku moja, ndege mbili. Mtafiti anayetafuta majina pekee ataona moja.

Nani alimtungua Douglas Bader?

Bader, aliyepoteza miguu yote miwili kwenye ajali ya mwaka 1931, aliongoza kikosi cha Tangmere siku ya 9 Agosti 1941 akiwa kwenye Spitfire Va namba W3185. Nyuma ya kiti chake ndege ilikatika. Mguu wa bandia wa kulia ulinaswa ndani. Mkanda wake ukakatika, ndipo akatoka. Yeye mwenyewe aliamini amegongana na Messerschmitt.

Shida ni kwamba kumbukumbu za Wajerumani hazina ndege yao hata moja iliyogongana angani siku hiyo. Hazina pia dai la rubani wao linalokaa vizuri na muda, mahali na jinsi mkia ulivyokatika. Kwa upande wa Waingereza, rubani mwenzake wa skwadroni ya 616 aliripoti kuipiga "Messerschmitt" kwa muda mrefu kutoka nyuma, mkia ukatoka, na rubani wake akapata taabu kubwa kujinasua. Rubani huyo naye alitunguliwa na kukamatwa siku ileile, kwa hiyo maelezo yake yalichelewa kulinganishwa na mengine. Watafiti wengi wa sasa wanaegemea hapo: risasi za wenzake. Nasi tunaona ndiyo maelezo yanayobeba ushahidi mwingi zaidi, ingawa mabaki yenyewe hayajaonyeshwa yakithibitisha.

Kuhusu mguu wa kuziba nafasi ya ule ulionaswa: Wajerumani walipendekeza ndege ya Uingereza iulete kwa ruhusa yao. Waingereza walikataa hisani hiyo. Wakautupa kwa mwavuli katikati ya operesheni ya kawaida ya mabomu.

Ndugu yangu "hajulikani alipo". Maana yake hakuanguka karibu?

Siyo lazima. Eric Lock, rubani mwenye ushindi 26, alionekana mara ya mwisho tarehe 3 Agosti 1941 akishuka kuwapiga askari barabarani huko Pas-de-Calais. Spitfire yake W3257 haijapatikana hadi leo. Huenda imo baharini, huenda imo shambani chini ya mita kadhaa za udongo.

Ndege iliyoingia ardhini wima kwa kasi, kwenye udongo laini wa Flanders, huacha shimo dogo na kusukuma injini ya kilo zaidi ya 600 chini kabisa. Vikosi vya Kijerumani vya kukusanya mabaki vilikuja vikachukua alumini iliyokuwa juu, vikafukia. Mwaka uliofuata mkulima alipanda viazi sukari vya kiwandani, na hakuna alama iliyobaki.

Bahari nayo ina njia zake. Walter Adolph, aliyeongoza kundi la pili la JG 26, alitunguliwa na FW 190 yake mbele ya Ostend tarehe 18 Septemba 1941. Mwili ulitokea ufukweni Knokke takriban wiki tatu baadaye. Kwa hiyo aliyepotea kati ya Calais na Dover atafutwe pia kwenye makaburi ya pwani ya Ubelgiji na Uholanzi.

Nianzie wapi kutafuta ndege moja?

Anza na namba ya ndege yenyewe, kama W3185. Usianze na herufi kubwa za ubavuni. Herufi za ubavuni ni kama namba ya kiti ofisini: ndege ikipotea, inayokuja kuziba nafasi hupewa zilezile. Mwaka mmoja unaweza kuwa na ndege tatu zenye herufi moja.

Kisha nenda Kew, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza. AIR 27 ni shajara za skwadroni: Form 540 ni maelezo ya siku, Form 541 ni orodha ya nani aliruka na ndege ipi na saa ngapi. Zikipingana, amini 541 kwa jina na namba, lakini kumbuka iliandikwa na karani jioni, na karani huchoka. AIR 50 ni ripoti za mapigano. AIR 81 ni mafaili ya waliokufa au kupotea miaka ya mwanzo ya vita. Humo hupatikana barua zilizoandikwa na meya wa kijiji au taarifa za Msalaba Mwekundu, na mara nyingi jina la kijiji linatokea hapo kwa mara ya kwanza.

Kwa ndege za Marekani, omba ripoti ya wafanyakazi wa ndege waliopotea, MACR. Zilianza kutumika katikati ya 1943. Faida yake kubwa ni kwamba zinaorodhesha namba za injini zote na namba za bunduki. Mafaili binafsi ya askari yaliungua kwa wingi kwenye moto wa St. Louis mwaka 1973, hivyo usikate tamaa ukijibiwa hakuna. Omba faili la mazishi, ambalo lilihifadhiwa tofauti.

Kwa Wajerumani, orodha za hasara za mkuu wa ugavi ziko Freiburg, Ujerumani. Hadi mwisho wa 1943 zimekamilika vizuri. Za 1944 nyingi zimepotea, na hapo utalazimika kutegemea taarifa za majina ya waliokufa na mabaki yenyewe.

Mwisho ndipo Ufaransa: hifadhi ya mkoa wa Pas-de-Calais huko Dainville kwa ripoti za polisi wa vijijini, rejista ya vifo ya kijiji, na picha za angani za baada ya vita ambazo taasisi ya ramani ya taifa, IGN, inazionyesha bure mtandaoni. Shimo lililofukiwa huonekana kama doa la rangi tofauti kwenye mazao. Mashimo ya mabomu pia huonekana hivyo, kwa mistari. Shimo la ndege huwa peke yake.

Tunaita tukio limethibitishwa pale hati ya aliyepoteza, hati ya aliyedai, na mahali palipotajwa na wenyeji vinapokubaliana. Mbili kati ya tatu tunaandika "huenda".

Nimeona kipande cha chuma. Nitajuaje ni cha ndege ipi?

Kama ni injini, hesabu silinda. Kumi na mbili kwa umbo la V zikitazama juu ni Merlin au Allison. Kumi na mbili zikining'inia chini ni Daimler-Benz ya Bf 109. Tisa kwa duara moja: Blenheim au B-17. Kumi na nne kwa duara mbili: BMW 801 ya FW 190, lakini pia B-24 ya Marekani, na hapa wengi hukosea. Kumi na nane: P-47 au B-26 za Marekani. Ishirini na nne ni Typhoon ya Uingereza.

Kama ni kipande cha mwili, safisha kwa maji na brashi laini, kamwe si kwa msasa, utafute namba zilizogongwa. Namba za michoro ya Spitfire huanza na 300 kwa Mk I, 329 kwa Mk II, 331 kwa Mk V, 361 kwa Mk IX. Mtego: aina za baadaye ziliendelea kutumia vipande vya aina za mwanzo. Kwa hiyo kipande cha 300 hakithibitishi Mk I, lakini kipande cha 361 kinakanusha Mk V. Namba ya juu kabisa ndiyo inayoamua. Kwa Wajerumani, 8-109 au 8-190 ni mwili, na 9 mwanzoni, kama 9-801, ni injini.

Silaha zinasaidia sana. Spitfire Va ilikuwa na bunduki nane za 7.7 mm bila mzinga. Ukikuta mzinga wa 20 mm wa Hispano, hiyo si Va, na kwa hiyo si ya Bader, hata kama kijiji kizima kinaapa. Maganda ya risasi ya Kiingereza ya 7.7 mm yana ukingo uliotokeza kwenye kitako; ya Kijerumani ya 7.92 mm hayana. Ganda la 15 mm linaelekeza kwenye Bf 109 F-2. Kitako pia huwa na mwaka: ganda la 1942 haliwezi kutoka kwenye ndege ya 1941. Ila maganda matupu hudondoka kutoka juu wakati wa kupiga na hutapakaa mbali, hivyo maganda peke yake hayaonyeshi kwamba kuna ndege chini.

Naruhusiwa kuchimba?

Hapana, si kwa hiari yako. Kifungu L542-1 cha sheria ya urithi ya Ufaransa kinakataza kutumia kitambua-metali kutafuta vitu vya kihistoria bila kibali cha mamlaka ya mkoa, na ruhusa ya mwenye shamba haikitoshelezi. Ukikuta kitu kwa bahati, wakati wa kulima kwa mfano, unatakiwa kumtaarifu meya mara moja. Ndege ya kijeshi ya Uingereza bado ni mali ya serikali yake.

Ukiona mfupa, kiatu chenye kitu ndani au mwavuli uliokunjwa, simama hapohapo. Mwavuli uliokunjwa ni ishara kwamba rubani hakutoka. Kwa Waingereza shauri hupelekwa kwenye kituo chao cha JCCC, kwa Wamarekani ni DPAA, kwa Wajerumani ni Volksbund, zote taasisi zinazoshughulikia askari waliokufa au kupotea. Ukiona bomu au kombora, usiliguse, piga 17 au 112. Risasi za 20 mm zenye kichwa cha mlipuko zinaonekana kama kipande cha bomba chenye kutu, na ndizo zinazokata vidole. Saa za chumba cha rubani zina rangi ya radiamu. Usizifungue wala kuzikwangua, na usizirundike sebuleni.

Wamezikwa wapi?

Makaburi ya Longuenesse yana makaburi 403 ya Jumuiya ya Madola kutoka Vita vya Pili, 93 kati yao hayana jina. Si wote walikuwa warukaji. Wengine walizikwa na Wajerumani kwenye makaburi ya kijiji kilichokuwa karibu na ndege, na wapo hadi leo. Wasiopatikana wameandikwa Runnymede, karibu na London, pamoja na wengine zaidi ya 20,000.

Wajerumani wengi walihamishiwa kwenye makaburi makubwa kama Bourdon, mkoa wa Somme, penye zaidi ya 22,000. Wamarekani hawakuachwa vijijini: familia ziliulizwa, na karibu 6 kati ya 10 walirudishwa kwao, waliobaki walikusanywa kwenye makaburi ya Marekani. Kwa hiyo jiwe la kijijini lenye majina ya wafanyakazi wa B-17 ni kumbukumbu ya mahali ilipoanguka. Chini yake hakuna mtu.

Kuna nini cha kuona leo?

Longuenesse bado ni uwanja wa ndege ndogo, na mnara wa kumbukumbu wa vikosi vya anga vya Uingereza ulizinduliwa hapo Septemba 2004. Éperlecques na kuba la Wizernes ni makumbusho. Mahali ndege zilipoanguka penyewe ni mashamba ya watu. Piga hodi kwanza, na funga geti ukitoka.